Mshirika Amefariki: Ufunguo wa Sanduku la Posta ni wa Nani?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mrithi wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea kiganjani: ufunguo wa sanduku la posta la biashara ya ubia. Tumezoea kuona watu wakigombania nyumba, shamba na gari la marehemu, na masheikh huitwa kusuluhisha. Lakini ufunguo huu hubaki mkononi mwa aliyeuwahi bila mtu kuuliza, na mara nyingine haki za mayatima hubaki pamoja nao.

Katika wilaya zetu za Kasulu na Kibondo, biashara nyingi huendeshwa na watu wawili au watatu walioshirikiana. Mmoja hukaa Kasulu akipokea maharage, mahindi na tangawizi kutoka vijijini; mwenzake hukaa Kibondo akisimamia ghala na wateja. Hawa huwa ni watu wa safu moja msikitini, au mashemeji, au waliosoma chuo kimoja utotoni. Mkataba wao ni neno la mdomo, na shahidi wao ni Mwenyezi Mungu. Sanduku la posta ni moja, pengine kwa jina la biashara, pengine kwa jina la mmoja wao tu, na ufunguo wake hutundikwa kwenye msumari nyuma ya meza ya duka. Wakiwa hai wote wawili, hakuna anayeuliza ni wa nani.

Swali la mjane

Alitujia mama mmoja, mjane mwenye watoto wanne. Mumewe alikuwa mshirika katika biashara ya nafaka. Alipofariki, mshirika aliyebaki alifanya yote ambayo mtu muungwana hufanya: alinunua sanda, alilisha waombolezaji, na siku zote za matanga hakuondoka pale nyumbani. Hatukumshuku siku ile, na hatumshuku leo. Ila ufunguo ulibaki kwake, naye akaendelea kufungua sanduku kama alivyozoea.

Mama alikaa eda. Alipomaliza akaenda dukani, akaambiwa: "Shemeji, hesabu ziko sawa, lakini marehemu alikuwa akidaiwa kuliko alivyodai." Akauliza barua za miezi ile ziko wapi. Akajibiwa: "Zilikuwa barua za biashara, shemeji, na biashara sasa nimebaki mimi."

Mama huyu hakutuuliza fungu lake ni kiasi gani. Alijua kwamba mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa (4:12). Alituuliza hivi: "Sheikh, nitajuaje ni thumni ya nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Elimu ya mirathi tunaifundisha kwa bidii katika vyuo vyetu, na kijana wa miaka 15 anaweza kukugawia mafungu bila kukosea. Lakini kabla ya kugawa ni lazima ijulikane kinachogawiwa, na zama hizi mali ya mfanyabiashara iko zaidi katika karatasi kuliko katika magunia. Nani anamdai, yeye anamdai nani, benki inasema nini, halmashauri na mamlaka ya kodi wanataka nini: hayo yote hufika kwa barua. Anayezishika barua peke yake amezishika hesabu peke yake.

Kifo huvunja ubia

Wanazuoni wa fikihi hawakuacha jambo hili hewani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ambaye vitabu vyake ni nguzo ya madhehebu ya Shafi tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, amebainisha kwamba ubia huvunjika kwa kifo cha mmoja wa washirika. Sababu yake ni nyepesi. Kila mshirika ni wakili wa mwenzake katika mali yao, na uwakili hauvuki kaburi. Wakili wa mtu aliye hai huwezi kuwa wakili wake akiwa maiti. Haki yake imekwisha kuhamia kwa warithi.

Ibn Qudama naye, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hambali, ameeleza kwamba mrithi aliye baleghe na mwenye akili timamu ana hiari mbili: kuendelea na ubia kwa makubaliano mapya na mshirika aliyebaki, au kutaka mali igawanywe. Mrithi akiwa mtoto, hiari hiyo iko kwa walii wake, naye hana ruhusa ya kuchagua ila lile lenye maslahi kwa mtoto.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na hayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ndani yake mna kanuni za ubia, inahesabu kwamba ubia huvunjika mshirika anapofariki, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Waliobaki wana mamlaka ya kufunga hesabu na kukamilisha shughuli zilizokwisha kuanza, wala si zaidi ya hapo.

Basi kauli ya kwamba "biashara nimebaki mimi" haisimami mbele ya fikihi wala mbele ya sheria. Tangu roho ya mwenzake ilipotoka, huyu bwana ana sifa mbili. Katika fungu lake yeye ni mwenye mali. Katika fungu la marehemu yeye ni mwenye kushika amana. Na mwenye kushika amana huulizwa, wala hana haki ya kukasirika akiulizwa.

Barua za aina tatu

Katika sanduku la biashara hukutana barua za aina tatu, na kila moja ina hukumu yake.

Aina ya kwanza ni barua za biashara yenyewe: madai ya wauzaji, malipo ya wateja, taarifa za benki, barua za kodi na leseni. Hizi ni haki ya pande mbili. Mshirika aliyebaki ana haki ya kuzisoma, kwani pengine kuna mzigo uko njiani kupitia Mvugwe na mwenye lori anasubiri jibu. Kumnyima ni kumharibia mali yake na mali ya mayatima pia. Lakini warithi wana haki ile ile. Kila barua iliyofunguliwa nao waione.

Aina ya pili ni barua za marehemu mwenyewe: ya ndugu yake, ya daktari wake, ya mtu aliyemwekea akiba. Hizi mshirika hana haki nazo hata kama zimepita katika sanduku la biashara. Abu Daud amepokea hadithi inayomkemea vikali mtu anayetazama barua ya mwenzake bila idhini. Wanazuoni wa hadithi wameitia dosari sanadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na makatazo ya kupelelezana yaliyomo katika Suratul-Hujurat (49:12). Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi. Barua hizi zihifadhiwe zikiwa zimefungwa, akabidhiwe msimamizi wa mirathi. Naye azisome kama mwosha maiti anavyoosha: aonacho cha haki akitoe, aonacho cha aibu akisitiri.

Aina ya tatu ni barua za watu wengine. Sisi sote tunajua kwamba sanduku la duka huwa sanduku la mtaa. Jirani, mwalimu wa madrasa, kijana aliyeomba nafasi ya chuo, wote huandika "kupitia kwa" fulani. Hizi wapewe wenyewe bila kuchelewa wala kufunguliwa. Msiba wa nyumba moja usiwe sababu ya mtoto wa nyumba nyingine kukosa barua yake.

Na iwapo bahasha ina jina la marehemu pamoja na anwani ya biashara, isijulikane ni ya aina gani? Isifunguliwe na mtu mmoja. Ifunguliwe mbele ya pande zote mbili, ikionekana ya biashara ibaki, ikionekana ya faragha irudishwe kwenye bahasha yake.

Hapa tuseme pia neno kwa upande wa pili, kwa maana uadilifu hauna shemeji. Tumesikia pia ndugu wa marehemu wanaotoka makaburini moja kwa moja hadi dukani, wakachukua ufunguo, wakambadilishia mshirika kufuli. Huo nao ni udhalimu. Nusu ya mali ile, au theluthi yake, ni jasho la mtu aliye hai. Ndugu wa marehemu hawana mamlaka ya kuufanya ufunguo ngawira, na wengine miongoni mwao huenda si warithi kabisa.

Bakuli la fedha

Mtu atasema: mnamtilia shaka muungwana aliyezika mwenzake kwa mali yake? La hasha. Lakini Qur'ani imetufundisha kwamba kutaka shahidi si kumtukana mtu. Walii wa yatima, aliyelea kwa uaminifu miaka yote, bado ameamrishwa aweke mashahidi siku anapokabidhi mali (4:6). Na katika kisa cha Nabii Daud (A.S.) tumeelezwa kwamba wengi wa wanaochanganya mali hudhulumiana, isipokuwa wenye imani na matendo mema, nao ni wachache (38:24). Kila mtu hujihesabu katika hao wachache; daftari na shahidi ndivyo vinavyothibitisha.

Kuna tukio la zama za Mtume (S.A.W.) linalofanana sana na jambo letu. Mtu mmoja wa Bani Sahm alitoka kwa safari ya biashara pamoja na Tamim ad-Dari na Adi bin Badda, ambao wakati huo hawakuwa Waislamu. Akafa ugenini, mahali pasipo na Mwislamu. Wenzake wakaileta mali yake kwa jamaa zake, lakini bakuli la fedha lililonakshiwa kwa dhahabu halikuwemo. Baadaye bakuli likaonekana Makka mikononi mwa watu waliosema wamelinunua kwa Tamim na Adi, na jamaa wawili wa marehemu wakasimama wakaapa kwamba ni lake. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari, na ndiyo sababu ya kushuka aya za ushahidi wa wasia katika Suratul-Maida (5:106-108).

Jamaa walijuaje kwamba kitu kimepungua? Katika baadhi ya mapokezi ya wafasiri imeelezwa kwamba marehemu, alipougua, aliandika orodha ya vitu vyake akaificha ndani ya mizigo bila kuwaambia wenzake. Fikirini, ndugu zetu: karatasi moja ndiyo iliyosema kwa niaba ya maiti. Laiti karatasi ile ingepitia kwanza mikononi mwa wale wale wawili, bakuli lingepotea moja kwa moja. Barua zinazoingia katika sanduku la marehemu leo ni karatasi ya namna hiyo hiyo.

Deni halisubiri

Jambo hili halimhusu aliyebaki duniani peke yake. Imepokewa kwa Tirmidhi kwamba nafsi ya muumini huning'inia kwa sababu ya deni lake hadi lilipwe, na Qur'ani imetanguliza deni na wasia kabla ya mafungu ya warithi. Sasa mdai atajuaje pa kudai, na mrithi atajuaje wa kumlipa, iwapo barua ya mdai imekaa katika mtoto wa meza ya mtu mwingine?

Tazameni alivyofanya Abdallah, mwana wa Zubair bin Awwam (R.A.). Baba yake aliuawa siku ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, akiwa na deni la dirhamu 2,200,000. Abdallah akalilipa. Warithi wakataka mali iliyobaki igawanywe, akakataa, mpaka ametangaza katika msimu wa Hija kwa miaka 4 kwamba yeyote anayemdai Zubair ajitokeze. Ndipo akagawa. Yeye aliwatafuta wadai Makka walikokusanyika watu. Sisi wadai wanatutafuta wenyewe kwa barua, nasi tunawafungia kufuli!

Katika nchi yetu ya Buha jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 1993, wakimbizi kutoka Burundi wameishi miongoni mwetu, na baadaye wengi kutoka Kongo. Wafanyabiashara wa Kasulu na Kibondo wameuziana nao, wamekopeshana nao, na wamewekeana amana. Kisha kambi zikafungwa: Mtabila mwaka 2012, Mtendeli mwaka 2021, na watu wengi wakarudi kwao. Mtu aliyeacha amana kwa mfanyabiashara wa Kibondo naye yuko ng'ambo ya mpaka wa Manyovu hana njia ila barua, ujumbe wa simu au msafiri. Barua yake ikizimwa, haki yake imezimwa hapa duniani. Huko Akhera haizimiki.

Miezi minne

Mjane ameamrishwa kukaa eda miezi 4 na siku 10 (2:234), au mpaka ajifungue akiwa mjamzito (65:4). Mafakihi wameruhusu atoke mchana kwa haja ya lazima, lakini mila zetu humfunga zaidi kuliko sheria inavyomfunga. Wakati huo huo, msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, au muda zaidi mahakama ikimruhusu, awasilishe orodha ya mali na madeni ya marehemu katika fomu namba 5, na baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, hesabu yake katika fomu namba 6.

Basi zipimeni nyakati hizo mbili. Miezi ile ile ambayo hesabu inapaswa kuandikwa ndiyo ambayo mama wa mayatima yuko ndani, na sanduku linafunguliwa na mtu mmoja. Eda ni ibada na ni heshima ya ndoa iliyopita. Haikuwekwa ili watu wapate nafasi ya kupanga hesabu mwenye haki akiwa hayupo.

Rai yetu

Kwa hiyo, tunashauri mambo yafuatayo.

Kwanza, siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa bado wamekusanyika, mshirika aliyebaki autoe ufunguo mwenyewe mbele ya wazee na imamu wa msikiti. Asingoje kuombwa. Akifanya hivyo amejivua tuhuma za miaka.

Pili, mjane na warithi wamweke wakili wao kwa maandishi, mtu mzima, mwaminifu, asiye na deni katika biashara hiyo. Sanduku lifunguliwe kwa siku maalumu, mshirika na wakili wakiwa pamoja. Kila barua iandikwe katika daftari: tarehe, imetoka wapi, inahusu nini, nani ameichukua. Wote wawili watie saini.

Tatu, mirathi ifunguliwe mahakamani mapema. Masheikh na ofisi za BAKWATA wanaweza kusaidia katika mafungu, lakini barua ya usimamizi hutolewa na mahakama. Msimamizi akiipata, aende nayo Posta na benki pamoja na cheti cha kifo, na tangu hapo asimame mahali pa wakili.

Nne, hesabu zikishafungwa na kila mtu kupata haki yake, ndipo iamuliwe sanduku libaki kwa nani. Anayelitaka alichukue kwa makubaliano, na barua za marehemu zitakazochelewa azifikishe.

Tano, tuache kuufikiria ufunguo wa chuma peke yake. Ufunguo wa leo pia ni namba ya siri ya simu ya biashara, ambayo laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu mmoja, na neno la siri la barua pepe. Mshirika anayeendelea kutoa pesa kwa simu ya marehemu kwa sababu anaijua namba ya siri, na mtoto anayefuta ujumbe wa wadai wa baba yake, wote wawili wamefungua sanduku wasiloruhusiwa.

Na kabla ya yote hayo, nyinyi mlio hai na wazima, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) inaamrisha kuandikiana madeni. Washirika wawili wakae jioni moja, waandike: kila mmoja ana kiasi gani, nani anawadai, nani wanamdai, na mmoja akifa ufunguo ukabidhiwe nani. Karatasi moja, mashahidi wawili, nakala moja kwa kila mke. Kazi ya saa moja huenda ikaokoa undugu wa miaka 30.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwa maana yake, kwamba Mwenyezi Mungu huwa ni wa tatu pamoja na washirika wawili madhali mmoja hajamhini mwenzake. Akimhini, hutoka kati yao. Ewe ndugu uliyebaki na ufunguo, kumbuka kwamba mwenzako wa pili amekufa, lakini huyo wa Tatu hafi. Kila bahasha uliyoifungua peke yako, Yeye alikuwepo.

Tulimwita yule bwana wa nafaka, tukamsomea haya kwa upole. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sheikh, mimi sikuiba, nilidhani ni zangu." Akaleta barua zote ndani ya mfuko wa sukari. Tukazifungua pamoja, mbele ya wakili wa mama na mzee mmoja wa msikiti. Zilikuwemo za madeni, na zilikuwemo za watu waliokuwa wakidaiwa na marehemu. Mama alipata jibu la swali lake, na watoto wake bado wanamwita yule bwana baba mdogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wale wachache, awarehemu waliotutangulia, na awalipie madeni yao kwa mikono yetu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq.